Kiitikio ni Chenu

Zillah Openshaw alipoteza sauti wiki moja kabla ya Krismasi, kati ya ubeti wa pili na kiitikio, mbele ya watu elfu moja na mia mbili. Alifungua mdomo, kikatoka kitu kama bawaba isiyoonja mafuta tangu nyumba ijengwe. Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo, kwa sababu wimbo wenyewe ulikuwa wa mlango. Alipofungua mdomo mara ya pili wakaacha kucheka. Mara ya tatu maganda ya machungwa yakaanza kushuka kutoka roshani ya juu, naye akaondoka jukwaani ameinamisha kofia, yeye ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kuondoka bila kuitwa arudi.

Daktari wa koo alimchungulia kwa kioo kidogo chenye mkono mrefu, akakipangusa, akakirudisha mfukoni.

"Unaimba kumbi ngapi kwa jioni moja?"

"Tatu. Jumamosi nne."

"Na katikati yake unakimbia barabarani kwenye baridi, kifua wazi, umeloa jasho. Sauti ni kama nguo, bibi. Ukiifua kila siku itachanika. Kusema utasema. Kuimba, sahau."

Hakumwambia mtu. Wakala wake, Bwana Pomfret, ilibidi ajue, na alimhurumia kwa muda wa wiki mbili kamili kabla ya kuacha kujibu barua. Kwa mdogo wake Edna, aliyebaki kwao Brackenshaw, Zillah aliandika kwamba amegombana na wakala na anapumzika kidogo. Wakubwa wa jukwaani hawaugui. Wanapumzika.

Akapumzika mpaka Mei, na kupumzika kukamla viatu, na pete, na koti la manyoya. Ndipo Bwana Pomfret akaibuka na habari. Kulikuwa na mtu hapo London aitwaye Vane, mtengenezaji wa picha zinazotembea, na sasa alikuwa na wazimu mpya, picha zinazoimba. Mwimbaji husimama mbele ya kamera akichezesha midomo huku santuri yake mwenyewe ikipigwa. Baadaye, ukumbini, picha na santuri huanzishwa pamoja, na watu wakaapa kwamba kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha kinaimba. Zillah alikuwa ameimba kwenye santuri mwaka juzi, sauti ikiwa nzima.

"Sauti yako unayo, imo ndani ya santuri," Pomfret alimwambia. "Vane anataka mdomo tu. Ukimpendeza, kiangazi chote atakuweka kwenye picha za vichekesho, zile zisizo na sauti kabisa. Usipompendeza, Zillah, mimi sina tena la kukusaidia."

Sasa, kuhusu mdomo wa Zillah, hapa inabidi nimrudishe msomaji nyuma kidogo. Zillah alikuwa mtu wa Lancashire, aliyeingia kiwanda cha kufuma pamba akiwa na miaka kumi na miwili. Ndani ya kiwanda cha Brackenshaw kulikuwa na mitambo mia nne inayogonga kwa pamoja, na humo ukikohoa hujisikii. Kwa hiyo wafumaji huzungumza kwa midomo. Neno wanalitengeneza taratibu, kubwa, na nyusi na mikono vinalisindikiza, na sauti hawaitoi hata kidogo kwa kuwa ni hasara tupu. Mfumaji wa Brackenshaw aweza kukusengenya akiwa mitambo ishirini mbali nawe, na ukigeuka haraka utaliona neno la mwisho likiwa bado midomoni. Zillah alipokwenda jukwaani aliuchukua mdomo huo. Hata yule wa kiti cha nyuma kabisa roshanini, mwenye sikio moja, aliliona kila neno lake. Na kila alipofika kwenye kiitikio aliinua mkono sikioni, akapaza, "Kiitikio ni chenu!" akanyamaza, na ukumbi ukamwimbia. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake. Watu walilipa kwenda kumsikia Zillah asiimbe.

Nyumba ya Bwana Vane ilikuwa ya vioo vitupu, kuta na paa, kwa kuwa kamera ilikula jua kama kuku anavyokula mtama. Walikuwa watatu tu: Vane, mpiga picha mwenye ndevu, na Zillah aliyevaa kofia yake ya manyoya ya mbuni mbele ya mlango uliochorwa kwenye ubao.

"Wingu linakuja," Vane alisema akitazama juu. "Tuna nafasi moja, Bibi Openshaw. Moja tu. Fuata santuri, neno kwa neno, usije ukaiacha."

"Huo wimbo nimeuimba kabla hujaanza kunyoa, bwana."

Kweli alikuwa ameuimba, na ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Tarumbeta kubwa la santuri lilipomwaga sauti yake, ile ya zamani, nyororo, isiyojua daktari, Zillah alihisi moyo ukipanda. Alisahau vioo. Alisahau wingu. Akamkemea yule mlango wa ubao, akakung'uta kofia, akafika mwisho wa ubeti, na miaka ishirini ikamshika mkono ikaupeleka sikioni. Kiitikio ni chenu. Akanyamaza.

Ila hapakuwa na roshani. Palikuwa na ndevu za mpiga picha na mkono wake ukizungusha kamera. Na nyuma, ndani ya tarumbeta, santuri ikawa inaimba kiitikio peke yake, kwa furaha, bila kumhitaji. Hapo ndipo Zillah alipolia, kwa ndani. Na huku mdomo wake mbele ya kamera, bila yeye kuutuma, ukasema kwa midomo ya kiwandani maneno ambayo hakuwa amemwambia yeyote: *Sauti yangu imekwisha, wenzangu. Niimbieni.*

"Simamisha!" Vane alipiga kelele. Lakini wingu lilikuwa limeshafika. "Umefanya nini? Mdomo umefungwa na sauti inatoka! Watu watadhani una jini tumboni! Halafu ukaanza kutafuna, unatafuna nini, mwanamke?"

"Nilisahau."

"Umesahau wimbo wako mwenyewe?"

"Nilisahau kwamba hakuna watu," Zillah alisema kwa ile sauti ya bawaba. Vane alimwonyesha mlango, na safari hii ulikuwa mlango wa kweli.

Alikaa mwezi mzima na nusu chumbani kwake akila mkate na chai. Kisha ikaja barua ya Edna.

*Dada, hujaimba tangu Krismasi na mimi si mjinga. Mkuu wa kiwanda amekubali kukupa mitambo miwili, anataka jibu Jumatatu baada ya wiki ya mapumziko. Halafu kwa nini hukuniambia habari ya picha? Bi. Threlfall mwenye hema la sinema amekuja na maonyesho na amebandika jina lako mlangoni kwa herufi kubwa kuliko mlango. Anasema picha yenyewe kaipata London kwa bei ya kutupa. Anaionyesha Jumamosi saa nane mchana. Mji mzima utakwenda.*

Zillah aliisoma mara mbili. Huko London maneno yale yalikuwa kutafuna tu. Lakini Brackenshaw! Humo hemani angeingia mji mzima wa wafumaji, na hakuna hata mmoja ambaye asingeyasoma. *Sauti yangu imekwisha.* Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye angeumbuliwa angali hai, mbele ya majirani, kwa urefu wa futi kumi na mbili. Sauti angalau ilikuwa imekufa mbele ya wageni. Jina alitaka libaki zima nyumbani. Akauza kofia ya manyoya ya mbuni, akakata tiketi ya treni. Angemwomba Bi. Threlfall aitoe ile picha. Angempigia magoti kama ingebidi.

Treni ilichelewa. Edna alimpokea stesheni saa nane kasoro robo, na kwa vile injini ilikuwa inapumua karibu yao walisalimiana kwa midomo, kama wafumaji wote. Walipotoka nje ndipo Edna aliposema kwa sauti, "Haya, sema basi, nikusikie."

"Nina mafua," Zillah alikwaruza.

Edna alisimama katikati ya njia. "Mafua ya tangu Krismasi mpaka Julai? Hayo si mafua, dada. Hayo ni mume."

"Twende hemani. Upesi."

Uwanja wa maonyesho ulinuka pai za nyama na viazi vya kukaanga na siki. Viwanda vyote vilikuwa vimefungwa kwa wiki ile, anga haina moshi, na watu wamevaa nguo za Jumapili ila miguuni mitalawanda yao ileile ya mbao, ikigonga mawe. Zillah alijifunika shali ya Edna mpaka puani, akapenya. Bi. Threlfall alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na alikuwa juu ya jukwaa la mbele akivuta watu.

"Bibi, ile picha ya Openshaw, nakuomba..." Zillah alianza.

"Sikusikii, mpenzi! Pita ndani, nyuma bado kuna benchi!"

"Usiionyeshe!"

"Ndiyo, ndiyo, inaonyeshwa, ndiyo ya kwanza!" Bi. Threlfall alijibu, akamsukuma ndani kwa kiganja kipana kama beleshi, na pazia likafungwa nyuma yao.

Wakakaa benchi la mwisho. Zillah aliushika mkono wa Edna, akaubana.

Picha ikawaka. Akajiona: mkubwa, mweusi na mweupe, anatetemeka kidogo pembeni kama samaki kwenye ndoo. Hema zima likalipuka, "Zillaaah!" kwa kuwa huyu alikuwa wao, mtoto wa Mtaa wa Kisima. Tarumbeta likaanza kuimba. Alisikia ile sauti yake ya zamani na akaona mdomo wake ukiifuata vizuri, na kwa dakika moja na nusu alisahau kuogopa. Mwanamke wa mbele yake alicheka hadi akapiga paja la mumewe.

Kisha mkono ukapanda sikioni.

Mdomo ukafungwa, na santuri ikaendelea peke yake. Kutoka mahali fulani mtu alicheka, "He! Anaimba kwa pua!" Halafu midomo ile mikubwa ikafunguka, taratibu, kila neno likiwa na pembe zake. *Sauti yangu. Imekwisha. Wenzangu. Niimbieni.*

Kicheko kikakatika. Watu mia tatu wakanyamaza kwa pamoja, na humo ndani ya kimya tarumbeta likawa linaimba kwa furaha yake ya kipumbavu. Zillah alifumba macho. Basi, alijisemea, wamejua. Jumatatu nitashika mitambo miwili na nitainamisha kichwa mpaka nife.

Edna alikuwa amegeuka anamtazama. Hakusema kwa sauti. "Kwa nini hukuniambia?" alisema kwa midomo.

Kabla Zillah hajajibu, mwanamke mmoja wa benchi la mbele, mkubwa wa mabega, aliinuka akakipa kisogo kitambaa.

"Nyie mnangoja nini?" alifoka. "Si mmeona alivyosema? Mtu wetu anatuomba, sisi tumekodoa macho kama kondoo! Huyu katuimbia miaka ishirini! Haya!"

Akaanza yeye, nje ya mahadhi kabisa, na hema likamfuata.

*Albert, fungua mlango, nje mvua yanyesha,*
*Kofia niliyonunua jana sasa imekwisha;*
*Kama ni yule mjane ndani anayekucheka,*
*Mwambie anipishe kiti, mwenye nyumba nimefika!*

Waliimba kwa koo na kwa miguu. Kwenye *nimefika* mitalawanda mia sita ilipigwa chini kwa mpigo mmoja na nguzo ya hema ikatikisika. Santuri ilizama humo, hakuna aliyeisikia tena, na pale kitambaani Zillah mkubwa alikuwa bado ameshika sikio, anasikiliza, macho yamejaa. Ungesema alikuwa anawasikia wao hasa. Zillah mdogo, wa benchi la nyuma, alilia bila kujificha, kwa machozi na makamasi, ndani ya shali ya Edna.

"Shali hiyo utaifua mwenyewe," Edna alisema, naye analia.

"Tena! Tena!" watu walipiga kelele picha ilipokatika. Bi. Threlfall alitoka nyuma ya mashine ameloa jasho, akainua mikono. Alikuwa amefanya biashara ya maonyesho tangu enzi za dubu wa kucheza, na macho yake yaliona haraka kuliko ya Vane.

"Nasikia!" alisema. "Nitairudia. Na hilo tarumbeta nalizima, halina kazi hapa. Jumatatu namwandikia yule bwana wa London. Namwambia: nataka huyu mwanamke, picha kumi, na sauti yake akae nayo! Mdomo kama ule unaonekana mpaka Manchester!"

Zillah alimgeukia mdogo wake. "Edna. Ile mitambo miwili."

"Nimeshaelewa. Nitamwambia mkuu ampe mtu mwingine. Lakini leo unalala kwangu, na utanieleza yote tangu Krismasi, na usinitajie mafua."

Na Bi. Threlfall aliandika kweli, na Vane, ambaye hakuwa mtu wa kugombana na mteja, alijibu kwa simu ya maandishi. Zillah Openshaw alikuja kuigiza picha thelathini na moja: mke mwenye hasira, mpishi aliyefukuzwa, mama mkwe aliyepanda baiskeli. Hakusikika katika hata moja. Huko London watu walicheka kwa uso wake; Brackenshaw walicheka mara mbili, kwa kuwa midomo yake daima ilikuwa inasema mambo mengine kabisa, mengine ya aibu, ambayo wao tu waliyaona na hawakumwambia mtu. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Siku ile, hemani, taa ilizimwa tena. Picha ikaanza bila santuri, kimya, ni ule mkwaruzo tu wa mashine ya Bi. Threlfall. Safari hii watu hawakungoja kuhimizwa. Mkono wa kitambaani ulipopanda sikioni, wao walikuwa wameshavuta pumzi. Na Zillah, ambaye tangu Krismasi hakuwa amethubutu hata kuguna wimbo akiosha kikombe, akajikuta amefungua mdomo. Aliimba. Ilitoka kama ile bawaba, yenye kutu, pembeni ya kila noti wala si juu yake, lakini ilitoka, na aliiachia yote.

Msichana wa benchi lililokuwa mbele yao, mfumaji wa miaka kumi na saba hivi mwenye utepe mwekundu nyweleni, aligeuka amekunja uso.

"Mama, samahani, lakini hebu nyamaza kidogo," alimpigia kelele sikioni. "Unatuharibia! Mwenyewe kaomba tumwimbie, siyo tumkwaruzie!"

Edna alitaka kuruka. Zillah alimshika, maana alikuwa amebanwa na kicheko. Shali ikamteleza mabegani. Kwa makelele yale hakukuwa na haja ya kupoteza sauti, basi akamjibu binti kwa midomo, kama wanavyojibiana kiwandani: *Samahani, mwanangu. Nilisahau.*

Msichana aliusoma ule mdomo. Akaanza kugeuka mbele, akasita. Akautazama mdomo uliokuwa kitambaani, futi kumi na mbili, ukimalizia *niimbieni*. Akageuka tena kwa Zillah, polepole, na uso wake wote ukafunguka.

Hakumwambia jirani. Hakupiga ukelele. Aliinama juu ya mgongo wa benchi lake, akaukamata mkono wa Zillah kwa mikono yake miwili yenye sugu za nyuzi, na kwa midomo, bila kutoa hata pumzi, akasema:

*Imba, mama. Imba tu.*